Demani na Vuli kama Darasa: Nafasi ya Mwalimu wa Kiswahili Kujifunza Pwani na Bahari

Ikisiri

Walimu wengi wa Kiswahili katika nchi zisizopakana na bahari hufundisha kila mwaka msamiati, methali na ushairi uliozaliwa pwani, ilhali wao wenyewe hawajapata nafasi ya kuyaona maji yakipwa. Makala haya yanaeleza kwa nini kipindi cha Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba ndicho kinachomfaa zaidi mwalimu kwa mafunzo ya nje ya darasa katika pwani ya Afrika Mashariki, ni mahali gani pa kujifunzia palipo tayari nchini Kenya na Tanzania, na jinsi ziara ya siku tano inavyoweza kupangwa. Hoja kuu ni kwamba sehemu ya maana ya maneno hayo haimo katika kamusi, bali imo katika mwendo wa maji, upepo na mwezi. Mwalimu hana budi kuushuhudia mwendo huo ili aweze kuyafundisha.

1. Utangulizi

"Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mwanafunzi wa Gitega, Huye au Mbarara huikariri methali hii, huieleza kwamba mtu hata azunguke vipi hurejea alikotoka, na hupewa alama zake. Akiulizwa tezi ni nini, hunyamaza. Mara nyingi mwalimu wake naye angependa swali hilo lisiulizwe.

Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, ambamo maji yanayovuja hukusanyika mpaka yakumbwe. Aliyewahi kukaa ndani ya jahazi huona jambo ambalo maelezo ya darasani huliacha: methali haizungumzii safari ndefu, bali nafasi finyu. Chombo kina ncha mbili tu, na anayekwenda huku na huko kati ya ncha hizo yumo chomboni bado. Wito wa kukumba maji utamshusha ngamani, apende asipende. Fasiri ya kawaida si kosa, lakini imepoteza ukali wake kwa kuwa imetengwa na kitu kilichoizaa.

Pengo hili halitokani na uzembe wa walimu. Kiswahili kimepanuka haraka kuliko njia za kumwandaa mwalimu. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, Uganda na Burundi zimekiingiza katika mitaala, na walimu wengi wanafuzu katika vyuo vilivyo mbali sana na ufuo. Vitabu vimewafikia, lakini bahari haijawafikia. Kwa hiyo makala haya hayalaumu mtu. Yanaonyesha tu kwamba safari hiyo inawezekana, na kwamba ina msimu wake.

2. Vuli ipi?

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kalenda za mafunzo ya walimu hutenga miezi ya Septemba hadi Novemba kwa masomo ya nje: msituni, mtoni na ufukweni. Watafsiri wetu huyaita majira hayo "vuli". Tafsiri hiyo imezoeleka, lakini ina mtego. Vuli ya kaskazini ni majira ya majani kupukutika na baridi kukaribia. Vuli ya Afrika Mashariki ni mvua fupi, zinazonyesha takriban kati ya Oktoba na Desemba, wakati ardhi inapochipua. Somo linalomtaka mtoto wa Tanga aokote majani yaliyopukutika kwa baridi limetafsiriwa neno, halikutafsiriwa jambo.

Mabaharia wetu wana neno jingine linalokaribia zaidi miezi hiyo: demani. Kwa maana moja, demani ni kipindi cha mwisho cha upepo wa kusi, tangu mwishoni mwa Agosti hadi mapema Novemba, upepo unapopungua nguvu. Kwa maana nyingine, demani ni kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga. Baada yake huja maleleji, siku za pepo zisizo na msimamo, kabla ya kaskazi kutulia na kuvuma hadi Machi.

Hata hivyo, majira ya kaskazini ya dunia hayakosi kabisa kutufikia. Kuanzia Septemba, makundi ya ndege wahamao waliozaliana Siberia na sehemu nyingine za kaskazini hutua kwenye matope ya Mlango wa Mida karibu na Watamu, nchini Kenya, na kwenye fukwe nyingine za pwani yetu. Wanakimbia baridi ambayo mwanafunzi wetu huisoma vitabuni tu. Mwalimu anayesimama hapo maji yakiwa yamepwa anaweza kueleza vuli mbili kwa wakati mmoja: ile inayowafukuza ndege huko, na ile inayokaribia kuinyeshea pwani hapa.

3. Kwa nini Septemba hadi mwanzoni mwa Novemba

Sababu ya kwanza ni maji. Katika pwani ya Afrika Mashariki maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban saa ishirini na nne na dakika hamsini. Mwezi na jua vinapokuwa katika mstari mmoja na dunia, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mivuto yao huungana na tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hupingana na tunapata maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Mwanafunzi asiyeijua bahari hudhani maji mafu ni maji machafu au yasiyo na viumbe. Siku moja ufukweni yatosha kulifuta kosa hilo.

Karibu na tarehe 22 au 23 Septemba, usiku na mchana hulingana na jua huwa juu ya ikweta. Mvuto wake huungana vizuri zaidi na ule wa mwezi, na bamvua za siku hizo huwa miongoni mwa zile kubwa kabisa za mwaka, sawa na za Machi. Katika Unguja na Mombasa, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo siku hizo hukaribia mita 4. Mwamba ambao kwa kawaida hufunikwa huonekana wazi, na mtu huweza kuutembelea kwa miguu.

Sababu ya pili ni saa. Katika sehemu hizo, maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Si jambo la bahati. Hivyo ndivyo mwendo wa maji ulivyo katika pwani hii, bamvua baada ya bamvua. Kwa hiyo mwalimu mwenye kalenda ya mwezi anaweza kupanga, miezi kadhaa mapema, somo la asubuhi ambalo bahari yenyewe italifungulia mlango.

Sababu ya tatu ni upepo na mvua. Kusi ya Juni na Julai huchafua bahari na kuzuia vyombo vidogo. Ifikapo demani, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Mvua za vuli zikikolea, mito huanza kumwaga tope. Mto Sabaki, kwa mfano, hupaka bahari ya Malindi rangi ya udongo. Dirisha lenye mwanga liko kati ya mambo hayo mawili.

Sababu ya nne ni kalenda ya shule, ingawa hii hutofautiana kati ya nchi na nchi. Kenya na Uganda huwa na likizo kabla ya muhula wa tatu, Agosti au Septemba mapema. Nchini Rwanda na Burundi mwaka wa masomo huanza Septemba, hivyo bamvua ya mwishoni mwa Agosti huenda ikawafaa zaidi walimu wa huko. Mwandalizi wa ziara asianze na tarehe ya likizo peke yake, wala na mwezi peke yake. Aziweke kalenda mbili kando kwa kando, atafute mahali zinapokutana.

4. Mahali pa kujifunzia

Hakuna haja ya kujenga chuo kipya. Mahali pa kujifunzia papo, na walimu wake wapo.

Kisiwa cha Chumbe, kusini-magharibi mwa Mji wa Zanzibar, kina mwamba uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Tangu miaka ya 1990 hifadhi hiyo imekuwa ikipokea wanafunzi na walimu wa Zanzibar kwa masomo ya mazingira, na miongoni mwa walinzi wake wa mwanzo walikuwamo wavuvi waliopewa mafunzo ya kazi hiyo. Zaidi ya spishi 400 za samaki zimeorodheshwa hapo. Kwa mwalimu wa lugha, jambo la thamani ni kwamba maelezo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili mbele ya kitu chenyewe: matumbawe, jongoo bahari, kiti cha pweza.

Nchini Kenya, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968 na ni za mwanzo nchini humo. Kusini mwa Mombasa, katika kijiji cha Gazi, kaunti ya Kwale, akina mama wamejenga njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko, na mgeni huongozwa na wenyeji. Gazi pia ndiko uliko mradi wa Mikoko Pamoja, ambao huhifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa na miti na tope lake. Mapato yamesaidia shule na huduma ya maji kijijini. Mwalimu anayetafuta mfano wa insha kuhusu mazingira na uchumi hana sababu ya kuagiza mfano kutoka mbali.

Huko Mafia, eneo la hifadhi ya bahari lilianzishwa mwaka 1995, na kuanzia Oktoba hivi papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, huonekana karibu na Kilindoni. Upande wa mashariki wa Unguja, kilimo cha mwani cha biashara kilichoanza mwaka 1989 kimewapa wanawake wengi kazi inayofuata kalenda ya bamvua: maji yakipwa huingia shambani, yakijaa hutoka. Kwa utafiti wa kitaaluma kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, na taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye makao Mombasa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki nayo ina makao yake Zanzibar. Umbali kutoka ofisi ya lugha hadi ufuoni ni mfupi. Uhusiano wa kitaaluma kati ya viwili hivyo nao ungepaswa kuwa mfupi vivyo hivyo.

Wa mwisho, na pengine wa kwanza kwa elimu, ni wenyeji wasio na cheti: mama anayechokoa pweza mwambani, fundi wa mashua, nahodha mstaafu. Hawa si "watoa taarifa" wa kuhojiwa na kuachwa. Ni walimu, na wanastahili heshima na ujira wa mwalimu.

5. Ratiba ya siku tano

Ratiba ifuatayo imefungamanishwa na bamvua, na inaweza kufuatwa popote kati ya Lamu na Mtwara. Walimu wafike siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka, kwa kuwa ndipo bamvua inapofikia kilele.

Siku ya kwanza ni ya kutazama. Kila kikundi kisimike mti wenye alama za sentimita mahali pa salama, na kuandika kimo cha maji kila baada ya saa moja. Kalamu ya risasi ni bora kuliko ya wino, kwa sababu wino huyeyuka karatasi ikilowa. Jioni vikundi vichore mchoro wa kupanda na kushuka kwa maji. Hapo ndipo mwalimu atambue kwamba neno "pwani" lina mzizi uleule wa "kupwa": pwani ni mahali maji yanapopwa.

Siku ya pili ni ya mwamba. Walimu waanze kushuka saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa. Watandaze kamba yenye alama kila mita kutoka ufukweni kuelekea baharini, na kila baada ya mita kumi waweke fremu ya mraba na kuhesabu vilivyomo. Kila kiumbe kiandikwe kwanza kwa jina analolitumia mwenyeji, kisha kwa jina la kamusi iwapo lipo. Majina yatatofautiana kati ya Kimvita, Kiamu, Kiunguja na Kimakunduchi. Tofauti hizo zisifutwe, ni data.

Siku ya tatu ni ya mikoko. Maji hupwa dakika 40 hadi 50 baadaye kila siku, hivyo ratiba isogezwe. Mgeni huona msitu mmoja. Mwenyeji huona mlilana ulio mbele ukielekea bahari, mkoko wenye mizizi kama miguu iliyokunjwa, mkandaa nyuma karibu na nchi kavu, na mchu ambao mizizi yake huchomoza topeni kama penseli ili kuvuta hewa. Kila mti umesimama mahali unapoweza kustahimili chumvi na maji. Boriti za miti hii ziliezeka nyumba za Lamu na Zanzibar, na kwa karne nyingi zilisafirishwa na majahazi hadi Uarabuni na Ghuba.

Siku ya nne ni ya upepo na chombo. Walimu wapande mashua au ngalawa pamoja na nahodha, waone tezi, omo, ngama, mlingoti, foromali na demani. Wasikie pia maana ya "kubisha": chombo kwenda mshazari, upande huu na upande ule, ili kisonge mbele dhidi ya upepo. Baada ya hapo mwalimu hatalitazama neno hilo, hata katika maana ya kubishana, kwa jicho lilelile. Atatambua pia kwamba kusini na kaskazini, maneno yanayotumika kila siku Kigali na Kampala, yamebeba majina ya pepo mbili, kusi na kaskazi.

Siku ya tano ni ya kuandika. Kila mwalimu aandae somo moja kamili na faharasa ya maneno ishirini aliyoyaona kwa macho, kila neno na mfano wa matumizi uliotoka kwa msemaji.

6. Usalama na adabu

Bahari haisamehi haraka. Maji yanapoanza kugeuka, hujaza kwanza mikondo iliyo kati ya mwamba na ufuo, na asiyejua huzungukwa akiwa bado anatazama mbele. Kwa hiyo kikundi kianze kurudi maji yanapogeuka, si yanapofika miguuni. Viatu vigumu ni lazima, kwa kuwa mwambani kuna viumbe wenye miiba na mchangani huweza kujificha taa. Asiyejua kuogelea atangaze mapema bila haya. Walimu wengi wa bara wako hivyo, na chombo kisichokuwa na maboya ya kujiokolea ya kutosha kisipandwe.

Adabu nayo ni sehemu ya somo. Matumbawe hayakanyagwi, kombe haziokotwi kwa ukumbusho, na jiwe likigeuzwa hurudishwa lilivyokuwa. Katika baadhi ya vijiji wenyeji hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mgeni aulize kabla ya kuingia. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na joto la namna hiyo limerejea mara kadhaa tangu hapo. Tunachokwenda kujifunza si mali isiyokwisha.

7. Kurudi na bahari darasani

Mwalimu akirejea bara ataulizwa: na wanafunzi wasioweza kusafiri je? Hapa ziwa humsaidia. Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria hayana kupwa na kujaa kwa kuonekana kwa macho, lakini wavuvi wake wa dagaa huifuata kalenda ya mwezi kama wavuvi wa bahari. Huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wengi wao husimamisha kazi, kwa sababu mwanga wa taa hushindwa kuwakusanya samaki. Mwezi uleule huamuru maji huko baharini na mwanga huku ziwani. Mwanafunzi wa Bujumbura anaweza kuanza na anachokijua, akavuka kwenda kwenye bamvua akiwa na daraja chini ya miguu yake.

Kazi ya darasani inaweza kuwa ndogo: kuchora umbo la mwezi kila usiku kwa mwezi mzima, na kuandika kando yake kama pwani leo kuna bamvua au maji mafu, kisha kulinganisha na jedwali la maji la Mombasa au Zanzibar. Baada ya wiki nne, maneno hayo hayakaririwi tena, yanatabiriwa.

8. Hitimisho

Katika nchi zetu nyingi, sayansi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Kwa hiyo elimu ya bahari iliyohifadhiwa ndani ya Kiswahili kwa karne nyingi ina mlango mmoja tu wa kuingilia shuleni, nao ni kipindi cha Kiswahili. Mwalimu wa kipindi hicho asipoijua bahari, mlango huo hufungwa, na hata watoto wa pwani, ambao wengi wao sasa hawapandi tena vyombo vya babu zao, huyapoteza maneno hayo pamoja na wenzao wa bara.

Inapendekezwa kwamba vyuo vya ualimu vya nchi za bara viweke katika mpango wa mafunzo kazini walau ziara moja ya pwani, ipangwe kwa kufuata bamvua ya Septemba au Oktoba, na iandaliwe pamoja na jumuiya za wenyeji zinazolipwa kwa kazi yao. Gharama ipo, na nauli ya kutoka Kigali hadi Mombasa si kidogo. Lakini mwalimu mmoja aliyekumba maji ngamani atawafundisha wanafunzi wa miaka thelathini, na hakuna hata mmoja kati yao atakayehitaji kunyamaza akiulizwa tezi ni nini.